Mechi moja, watu wanne: hesabu ya ligi ya wawili wawili Busia na Tororo

Mechi ya wawili wawili haichezwi mpaka watu wanne wafike uwanjani kwa wakati mmoja. Anayetaka kujua kwa nini ligi za burudani za aina hii huanza kwa shangwe Januari na kuzimika kabla ya Pasaka aanzie hapo. Chukua kundi la watu waaminifu, kila mmoja anafika mara 9 katika kila mara 10 alizoahidi. Ile moja inayobaki si utoro. Ni zamu ya kazi, ni msiba, ni mtoto ameugua. Uwezekano wa wote wanne kufika ni 0.9 × 0.9 × 0.9 × 0.9, yaani 0.656. Katika ratiba ya mechi 56, zitakazochezwa ni kama 37. Zile 19 zitaamuliwa mezani. Mahudhurio yakishuka kidogo tu, hadi mara 8 katika 10, zitakazochezwa ni 23, na hapo hakuna ligi tena, kuna majina ukutani.

Wanaotoka mji mmoja husafiri pamoja na hukwama pamoja, kwa hiyo hali halisi huwa nafuu kidogo kuliko hesabu hiyo. Lakini picha ni ileile: akikosa mmoja, watatu wanakosa mchezo, na wawili kati yao pengine wameshalipa nauli.

Nauli ndiyo inayofanya mpaka wa Busia na Tororo kuwa mahali pazuri pa kupiga hesabu hii. Busia ni miji miwili yenye jina moja, ya Kenya na ya Uganda, na mtu huvuka kwa miguu kutoka mmoja hadi mwingine. Tangu mwaka 2014 Mkenya na Mganda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, na tangu Februari 2018, marais wa nchi hizi mbili walipozindua kituo cha pamoja cha forodha Busia, msafiri hukaguliwa mara moja badala ya mbili. Malaba ipo kama kilomita 30 kaskazini kwa barabara, na Tororo ipo kama kilomita 15 magharibi ya Malaba. Kutoka Tororo kurudi Busia kwa upande wa Uganda ni zaidi kidogo ya kilomita 30. Ni pembetatu ndogo. Jumamosi moja inatosha kuizunguka yote, ila jioni ya siku ya kazi haitoshi hata kwa upande wake mmoja.

Mchezo wenyewe uwe badminton, ambao wengi wetu tunauita mpira wa vinyoya, kwa sababu ndio mchezo wa wawili wawili unaodai vitu vichache: wavu, chokaa, raketi na vinyoya. Tupange ligi ya watu 16. Wanne wanatoka Busia ya Kenya, wanne Busia ya Uganda, wanne Malaba upande wa Kenya, wanne Tororo. Nane Wakenya, nane Waganda. Bei na dakika nitakazotumia ni za makadirio, nazo nitazitaja waziwazi ili kila kundi liweke za kwao. Idadi ya mechi na ya safari si makadirio. Hizo ni kujumlisha na kuzidisha tu.

Mfumo ambao kila mtu huufikiria kwanza umeazimwa kutoka kandanda: jozi za kudumu, nyumbani na ugenini. Watu 16 wanaunda jozi 8, na jozi 8 zikikutana mara mbili ni mechi 56, kila jozi mechi 14. Hesabu safari. Mechi 8 ni za jozi za mji mmoja, hazina safari. Mechi 8 nyingine ni kati ya Busia na Busia, watu wanatembea. Zinabaki mechi 40 ambazo jozi ya ugenini lazima ipande gari au bodaboda, na kwa kuwa jozi ni watu wawili, tunapata safari 80 za kwenda na kurudi. Tukiweka wastani wa shilingi 300 za Kenya kwa safari, ligi hii itatumia 24,000 barabarani.

Kabla ya kuupima mfumo mwingine, tazama saa. Tupo karibu na ikweta, na mpaka huu upo magharibi ya mbali ya ukanda wa saa za Afrika Mashariki, kwa hiyo jua huchwa kati ya saa 12:30 jioni mwanzoni mwa Novemba na saa 1:00 usiku mwezi Februari. Giza likianza haliendi polepole. Mtu wa Tororo anayetoka kazini saa 11:00 jioni akafika Busia saa 12:00 amebakiwa na nusu saa ya mwanga Novemba, au saa moja Februari. Seti moja ya pointi 21 kwa wachezaji wa kawaida huchukua kama dakika 14. Mechi ya kushinda seti mbili kati ya tatu, tukiiweka kwa wastani wa seti 2.4, ni dakika 34. Februari itaingia kwa shida, Novemba haiingii. Kisha arudi na bodaboda gizani kwenye barabara ya malori, kwa ajili ya mechi moja. Sioni aibu kusema kwamba huo ni mpango mbaya hata kama kila mtu angefika.

Mtoano ni mbaya zaidi. Jozi 8 zinacheza mechi 7 tu kwa jumla, na nusu ya watu wanasafiri, wanapoteza mechi ya kwanza na kuketi. Ni mfumo wa kumpata bingwa. Ligi ya burudani inatafuta kitu kingine: dakika za kucheza kwa kila shilingi na kwa kila saa ya safari.

Kuna mfumo wa zamani unaokidhi haja hiyo, nao haukutoka viwanjani. Ulitoka kwenye karata. Wacheza karata wa mchezo wa whist, ambao nao ni wawili dhidi ya wawili, walitaka ratiba ambayo kila mtu anakuwa mwenzi wa kila mtu mara moja na mpinzani wa kila mtu mara mbili. Mwaka 1896 mwanahisabati E. H. Moore wa Chicago aliandika juu ya ratiba hizo, na hisabati ya karne ya 20 ikathibitisha kwamba zinapatikana kwa kila idadi ya watu inayogawanyika kwa 4. Kwa watu wanne kila mtu anaweza kuifanya kichwani: wa 1 na wa 2 dhidi ya wa 3 na wa 4, kisha 1 na 3 dhidi ya 2 na 4, kisha 1 na 4 dhidi ya 2 na 3. Raundi tatu, na hakuna aliyependelewa.

Kwa watu wanane haifanyiki kichwani, lakini inaandikwa kwenye nusu karatasi. Wape namba 1 hadi 8. Raundi ya kwanza, kiwanja cha kwanza: 8 na 7 dhidi ya 4 na 5. Kiwanja cha pili: 1 na 3 dhidi ya 2 na 6. Kwa raundi inayofuata ongeza moja kwenye kila namba, 7 igeuke kuwa 1, na 8 abaki alipo. Raundi ya pili itakuwa 8 na 1 dhidi ya 5 na 6, na pembeni 2 na 4 dhidi ya 3 na 7. Endelea hivyo hadi raundi ya saba. Mechi 14, na ukikagua utakuta kila mtu amecheza na kila mwenzake upande mmoja mara moja, na dhidi yake mara mbili. Kundi dogo la watu wanane wa Malaba peke yake linaweza kuanza na karatasi hiyo Jumamosi ijayo.

Kwa watu wetu 16 ratiba ni raundi 15, na kila raundi ina mechi 4, jumla mechi 60. Kila mtu anacheza mechi 15, moja zaidi ya mfumo wa jozi za kudumu. Tuzigawe katika Jumamosi nne: raundi 4, 4, 4, na siku ya mwisho raundi 3 pamoja na fainali. Kila mji uandae siku moja. Sasa rudia kuhesabu safari. Siku ya Busia ya Kenya wanaosafiri kwa gari ni 8, kwa sababu wale wa Busia ya Uganda wanavuka kwa miguu. Siku ya Busia ya Uganda ni 8 pia. Siku ya Malaba 12, siku ya Tororo 12. Jumla ni 40. Ni nusu kamili ya safari 80, na fedha ya barabarani inashuka kutoka 24,000 hadi 12,000.

Atatokea wa kusema siku zote nne zichezwe Busia, maana hapo nusu ya wachezaji hawalipi kitu, na safari zitashuka hadi 32. Ni kweli. Lakini akiba hiyo ya safari 8, shilingi 2,400, itatoka mifukoni mwa watu wa Malaba na Tororo peke yao, nao ndio watakaoacha kwanza. Afadhali 40 zilizogawanywa kuliko 32 zilizobebeshwa miji miwili.

Sehemu ngumu ya mfumo huu ni viwanja, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu ndipo waandaaji hukosea. Mechi nne kwa wakati mmoja zinataka viwanja vinne. Mji wenye neti mbili utasema hauwezi, utacheza kwa zamu. Tuone. Badala ya seti mbili kati ya tatu, kila mechi iwe seti mbili tu, bila ya tatu: dakika 28, na dakika 7 za kubadilishana na kuandika, jumla 35 kwa raundi. Kwa viwanja vinne, raundi 4 ni dakika 140. Mkianza saa 9:00 alasiri mnamaliza saa 11:20 jioni, na kila mtu anafika kwake kabla ya giza. Kwa viwanja viwili, zamu ni mara mbili: dakika 280. Mkianza saa 9:00 mtamaliza saa 1:40 usiku, yaani hamtamaliza. Tofauti ya siku inayowezekana na isiyowezekana ni neti mbili.

Seti ya neti na nguzo za bomba zilizosimikwa kwenye zege ndani ya tairi kuukuu tuikadirie shilingi 4,000. Mbili ni 8,000. Akiba ya nauli ya msimu mmoja, 12,000, inazilipa na kubakiza 4,000. Na nafasi? Kiwanja cha wawili wawili kina urefu wa mita 13.4 na upana wa mita 6.1. Vinne bega kwa bega, na mita 2 za kukimbilia kila upande, vinachukua mita 34.4 kwa 17.4, karibu mita za mraba 600. Uwanja wa mpira wa miguu wa mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140. Viwanja vyote vinne havifiki hata sehemu moja ya kumi ya uwanja wa shule ya msingi wenye magoli mawili, na shule za namna hiyo zipo katika kila mmoja wa miji hii.

Uwanja wa wazi una upepo, na upepo ndio sababu nyingine ya kupenda seti mbili. Kila upande unacheza seti moja kwa upepo na moja dhidi yake, basi. Hakuna seti ya tatu inayoamuliwa na nani yuko upande gani pale Mlima Tororo unapoanza kuleta mawingu. Shirikisho la dunia la badminton lenyewe lilikubali mwaka 2019 kwamba mchezo wa nje unataka kanuni zake, likazindua badminton ya nje yenye kinyoya kizito zaidi kwa upepo. Kwetu kinyoya cha nailoni kinatosha. Kile cha manyoya halisi kina manyoya 16 na uzito wa gramu 4.74 hadi 5.50, na upepo wa alasiri hukichezea.

Wapo watakaoona kupunguza seti ni kuharibu mchezo. Michezo mikubwa imefanya hivyo kwa sababu hiihii ya muda. Tenisi ya meza ilitoka pointi 21 hadi 11 mwaka 2001. Badminton iliacha mwaka 2006 kanuni ya kwamba anayeanzisha mpira ndiye pekee anayepata pointi. Mwaka huohuo mashindano ya wanaume ya kulipwa ya tenisi ya wawili wawili yalianza kuweka mchezo mfupi wa kuamua badala ya seti kamili ya tatu. Hakuna anayesema leo kwamba michezo hiyo imekufa.

Sasa weka fedha zote pamoja. Kinyoya kimoja cha nailoni kwa mechi, shilingi 120. Mfumo wa jozi za kudumu: nauli 24,000 na vinyoya 6,720, jumla 30,720, sawa na 1,920 kwa mtu. Mfumo wa kubadilishana wenzi: nauli 12,000, neti 8,000, vinyoya 7,200, jumla 27,200, sawa na 1,700 kwa mtu. Msimu wa pili neti zipo tayari, mchango unashuka hadi 1,200. Lakini linganisha pia dakika, kwa sababu seti zimepungua na ni haki kusema hivyo. Kila mtu akifika kila siku, jozi za kudumu zinampa mchezaji mechi 14 za dakika 34, yaani dakika 476. Kubadilishana kunampa mechi 15 za dakika 28, yaani 420. Kwa mahudhurio kamili, msimu wa kwanza mifumo miwili inalingana, shilingi 4 kwa dakika, na kuanzia msimu wa pili kubadilishana kunashinda kwa 2.9.

Mahudhurio kamili hayapo, na hapo ndipo mfumo wa pili unaonyesha nguvu zake. Rudi kwenye mara 9 kati ya 10. Jozi za kudumu zinabaki na asilimia 65.6 ya mechi: dakika 476 zinageuka kuwa kama 310. Katika kubadilishana, asiyefika anapoteza siku yake peke yake. Namba yake inachukuliwa na mchezaji wa akiba kutoka mji mwenyeji, ambaye halipi nauli wala hahitaji mwenzi, na wengine 15 wanaendelea kama kawaida. Mwanachama anabaki na asilimia 90: dakika 378. Ndiyo maana ninausimamia mfumo huu. Kijana aliyekuja kutazama tu, akiwa na raketi au bila, anaingia uwanjani siku hiyohiyo, na msimu unaofuata yeye ndiye mwanachama.

Msimamo unaandikwa kwa mtu mmoja mmoja. Seti zikiisha 21–15 na 17–21, jozi moja ina pointi 38 na nyingine 36. Kila mmoja wa jozi ya kwanza anaandikiwa 38, kila mmoja wa pili 36. Mkifika 20–20, pointi inayofuata inamaliza, ili raundi isizidi dakika zake. Mwisho wa msimu tazama wastani wa pointi kwa mechi, na atakayehesabiwa awe amecheza angalau mechi 10 kati ya 15, la sivyo mtu atacheza siku moja nzuri na kukaa nyumbani na wastani wake. Pointi alizozipata mchezaji wa akiba ni zake mwenyewe, haziingii kwa aliyekosa.

Ubishi mkubwa utatoka kwa wanaopenda mwenzi mmoja: ndugu wawili, mke na mume, marafiki waliozoeana mpaka hawaulizani nani anachukua mpira wa katikati. Ninawaelewa kabisa, kuzoeana huko ni nusu ya utamu wa mchezo huu. Ndiyo maana fainali iachwe kwao. Siku ya nne, baada ya raundi tatu, wanne wa juu kwenye msimamo kila mmoja achague mwenzi anayemtaka kati ya waliobaki, jozi nne, nusu fainali mbili na fainali moja kwa seti moja moja. Mechi zote tatu zinaisha ndani ya saa moja.

Kuna tarakimu moja ambayo mfumo wa jozi za kudumu hauwezi kuifikia. Watu 16 wanaweza kuunda jozi 120 tofauti, na katika mechi 60 zenye jozi mbili kila moja, zote 120 hutokea, kila moja mara moja. Kati ya hizo, 64 ni za Mkenya na Mganda upande mmoja wa neti. Kwenye jozi za kudumu zilizotoka mji mmoja mmoja, idadi hiyo ni sifuri. Wasamia wako pande zote mbili za Busia, Waiteso wako Malaba na wako Tororo, na biashara ya bodaboda inasemekana ilianzia hapahapa, kwa baiskeli zilizobeba watu kutoka kituo cha mpaka hadi kingine. Kugawa watu hawa kwa timu za nchi kila wiki ni kuwarudisha nyuma ya mstari ambao wao wenyewe huuvuka asubuhi kwenda sokoni.

Michango ilipwe kwa fedha ya kila mtu, na kiwango kikubaliwe mara moja kabla ya msimu. Mwaka 2025 shilingi moja ya Kenya ilizunguka 27 hadi 28 za Uganda. Tukiweka 28, mchango wa 1,700 ni 47,600 za Uganda, na wa 1,200 ni 33,600. Kiwango kisibadilike hadi siku ya nne hata kama soko limebadilika. Mtu mmoja kila upande ashike fedha, na matumizi yasomwe mbele ya watu kila Jumamosi kabla ya raundi ya kwanza.

Msimu wenyewe uwe Januari na Februari, kila baada ya wiki mbili. Ni kipindi kikavu kabla ya mvua za Machi hadi Mei, na ndicho kipindi ambacho jua linachelewa kuchwa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka hapa mpakani. Mvua ikinyesha hata hivyo, raundi zilizokamilika zihesabiwe, zilizobaki ziongezwe kwenye siku inayofuata hadi raundi 6, ambazo kwa viwanja vinne ni dakika 210: kuanzia saa 8:00 mchana hadi saa 11:30 jioni.